Dawa Iliyopatikana Msibani

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa ya watoto nimeisikia. Ya watu wazima imetoka kwa kusinzia, nami nawasamehe, kwa kuwa najua mmetoka mkutanoni. Sogeeni basi, mkeka ni mpana. Mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na vikundi na kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti, palikuwa na bonde. Bonde hilo likiitwa Nyasi Ndefu. Katikati yake ulipita mto, na ukingoni mwake lilisimama jabali.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha. Ikanyesha tena. Mto ukafurika, ukazoa samadi na mizoga ya huko juu, ukaileta bondeni bila kuombwa. Maji yakawa mazito, rangi ya tope. Wanyama wakayanywa, kwa kuwa mwenye kiu hanywi hotuba. Watoto wakaanza kuhara. Wakahara asubuhi, wakahara jioni. Macho yakaingia ndani. Midomo ikapasuka. Ngozi ukiifinya, ikabaki imesimama kama hema.

Lakini bonde lile lilikuwa na bahati. Lilikuwa na vikundi vya kujitolea, tena vitatu. Mabonde mengine hayakuwa na hata kimoja, na wagonjwa wake walikufa bila kusaidiwa. Wagonjwa wa Nyasi Ndefu walikufa wakisaidiwa.

Kikundi cha kwanza kiliitwa Chama cha Maji. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Kanga, mwenye madoadoa yaliyopangika na shingo isiyogeuka ovyo. Wanachama wake walijua chemchemi safi chini ya mawe, wakiyateka maji yake na kuyachemsha.

Kikundi cha pili kiliitwa Kikundi cha Chumvi. Katibu wake alikuwa Bwana Nungunungu. Yeye na wenzake walichimba chumvi ardhini, mahali walipopajua wao tu. Miiba aliyokuwa nayo mgongoni ilikuwa mingi, lakini mmoja aliuchomeka sikioni, wa kuandikia.

Cha tatu kiliitwa Umoja wa Asali. Mlezi wake alikuwa Mzee Nyegere, mweupe mgongoni, mweusi tumboni. Hakuogopa nyuki. Wala aibu hakuiogopa.

Siku moja akapita mganga, Maalim Korongo. Miguu yake mirefu, maneno yake mafupi. Akatazama watoto, akasema:

"Dawa ya maradhi haya ni moja. Maji yaliyochemshwa. Chumvi kidogo. Asali kidogo. Changanyeni katika chombo kimoja. Mnyweshe mtoto funda kwa funda, siku tatu. Atapona."

Bi Kanga akasema, "Maji tunayo."

Bwana Nungunungu akasema, "Chumvi tunayo."

Mzee Nyegere akasema, "Asali ipo, Maalim. Ondoka na amani."

Maalim Korongo akaondoka na amani. Akaruka kwenda bonde la pili, kulikokuwa na wagonjwa wengi na vikundi vichache. Hakurudi msimu ule, na mtasikia kwamba ingefaa arudi.

Sasa nisikilizeni, maana bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kikundi kilipomtembelea mgonjwa, kilimfunga ukambaa shingoni. Chama cha Maji kilifunga ukambaa wa kijani. Kikundi cha Chumvi, mweupe. Umoja wa Asali, wa manjano. Aliyefungwa ukambaa aliitwa mgonjwa wetu. Na mgonjwa wetu hakuguswa na kikundi kingine. Kumgusa mgonjwa wa wenzako kulihesabiwa utovu wa adabu, tena mkubwa kuliko kumwacha afe.

Basi wa kijani wakapewa maji. Weupe wakapewa chumvi. Wa manjano wakapewa asali. Kila kikundi kikatimiza wajibu wake, na kila kikundi kikarudi nyumbani kimechoka kwa wema. Njiani wakiimba, kila kikundi kwa zamu yake, na wimbo ulikuwa mmoja. Katika wimbo walikubaliana:

*Ndio sisi wa huruma, wagonjwa twawapepea,*
*Tumevaa sare njema, mbali sana twatembea,*
*Atakayetutazama, uzima atapokea,*
*Asipopona mapema, kuzika tutatokea.*

Vina vimekaa vizuri. Hilo siwezi kuwanyima.

Karibu na njia kuu aliishi Bi Digidigi, mjane, na binti yake Mize. Mize akaugua. Chama cha Maji kikafika mara moja, kwa kuwa nyumba ilionekana na kila mpita njia. Kikamfunga ukambaa wa kijani. Kikampa maji. Mize akanywa, maji yakatoka. Akanywa tena, yakatoka tena. Chwa. Chwa.

Bi Digidigi akaenda kwa Bwana Nungunungu.

"Bwana Katibu, nakuomba chumvi. Chembe mbili tu. Maalim alisema vichanganywe."

"Pole sana, Mama Mize. Mtoto ana ukambaa?"

"Anao. Wa kijani."

"Basi huyo ni mgonjwa wa Maji. Nikikupa chumvi nitakuwa nimewaingilia wenzangu."

"Waingilie, ndugu yangu. Mtoto anakauka."

"Ushirikiano hauendi hivyo," akasema Bwana Nungunungu kwa upole mwingi. Akauchomoa mwiba sikioni, akaandika kwamba Bi Digidigi alifika, akapokelewa vizuri.

Bi Digidigi akaenda kwa Mzee Nyegere. Mzee Nyegere akamkaribisha, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akalia machozi. Asali hakumpa.

Na juu ya jabali, huko kwenye nyufa, aliishi Bi Pimbi na mwanawe wa pekee, Machano. Machano naye alishuka mtoni siku moja, akanywa, akapanda akiwa anajishika tumbo. Hakuna kikundi kilichomfuata. Walisema jabali halina njia. Nami nadhani walisema kweli: mtu akipanda jabali lile na kibuyu chake, chini hakuna anayemwona.

Bi Pimbi akamshika mtoto mapajani, akamwimbia. Nanyi mtaitikia, koo zenu hazijakauka:

*Usilale mwana wangu, macho yako nayataka;*
*Jabali hili la kwangu, hakuna wa kulifika.*

Asubuhi akashuka. Alikuta vikundi vyote vitatu vimekusanyika uwanjani. Moyo wake ukafurahi, kwa kuwa alidhani wanachanganya dawa. Walikuwa wanaunda Baraza. Baraza la Ushirikiano. Wanachama wamekaa safu tatu, sare zimepigwa pasi, na mbele wamekaa viongozi watatu kwenye gogo moja, kila mmoja akijisogeza kidogo ili awe katikati.

Jambo la ushirikiano lilipita bila kupingwa. Wote walinyosha mikono, na mwenye mabawa akanyosha bawa. Ugumu ulikuwa chombo.

"Katika dawa hii maji ndiyo mengi," akasema Bi Kanga. "Chombo kiwe cha Chama cha Maji."

"Bila chumvi, Bi Mwenyekiti, hayo ni maji tu," akasema Bwana Nungunungu. "Hata mto unayo."

"Na bila asali mtoto atayatema," akasema Mzee Nyegere. "Ulimi wa mtoto unamjua nani? Unamjua Maji? Unanijua mimi."

Mmoja akapendekeza chombo kichongwe majina matatu. Wakapiga makofi, pa pa pa. Kisha wakaulizana jina lipi litangulie. Makofi yakaisha.

"Hodi barazani," akasema Bi Pimbi.

"Karibu," akasema Bi Kanga. "Umeleta barua?"

"Nimeleta shida. Mtoto wangu anahara siku ya pili."

"Amefungwa ukambaa wa nani?"

"Hajafungwa na mtu."

"Basi si mgonjwa wa mtu," akasema Bwana Nungunungu, mwiba ukiwa tayari.

"Ni mgonjwa wangu."

"Wewe ni kikundi?"

"Mimi ni mama yake."

Bwana Nungunungu akaandika: mama, si kikundi.

Bi Kanga akainamisha shingo, kwa huruma. "Tunaweza kumfunga wa kijani sasa hivi, upate maji."

"Na chumvi?"

"Akishafungwa wa kijani, chumvi ya nini?"

"Maalim alisema—"

"Maalim hayupo. Jambo lako tumeliweka katika mengineyo."

"Mengineyo yanakuja lini?"

"Mwisho wa ajenda."

"Na ajenda ni ndefu, Bi Mwenyekiti?"

"Hatujaipitisha bado."

Bi Pimbi akakaa pembeni, akangoja mengineyo. Jua likapanda. Wakajadili kama mkutano uanze kwa wimbo au kwa dua. Jua likasimama kichwani. Wakajadili kama neno Baraza liandikwe kabla ya neno Ushirikiano, ingawa haliwezi kuandikwa pengine. Jua likateremka. Bi Pimbi akayahesabu maumivu ya mwanawe kwa vidole vyake, na vidole vya pimbi ni vichache.

Hapo akatokea Bi Digidigi. Hakubisha hodi. Akapita katikati ya safu, akasimama mbele ya gogo.

"Mize amefariki," akasema.

Bi Kanga akasimama. Wote wakasimama. Wakakaa kimya dakika nzima, kimya kizuri kilichopangika, safu kwa safu.

Kisha nikwambieni: hamjapata kuona wepesi kama ule. Wale waliokaa kutwa nzima wakitafuta jina la kutangulia, sasa hawakujadili neno. Mwenye kuni alikwisha leta kuni. Mwenye mkeka alikwisha tandika. Bi Kanga hakuuliza akidi. Bwana Nungunungu hakuuliza barua. Kabla mate hayajakauka mdomoni, vikundi vitatu vilikuwa uani kwa Bi Digidigi, na uso wa kila mmoja umeinama kwa kipimo kilekile.

Kwenye matanga ya bonde lile palikuwa na chungu. Chungu cha mfiwa, cheusi, hakina jina. Huwekwa juu ya mafiga mara tu msiba unapotangazwa. Kila anayefika hutia alichonacho, na hakuna anayeuliza kimetangulia cha nani, kwa kuwa msibani hawaulizi. Chama cha Maji kikamimina maji. Chubwi. Yakachemka. Umoja wa Asali ukatia asali, ya kulainisha koo za waombolezaji. Kikundi cha Chumvi kikatia chumvi, kidogo, ya kuwarudishia machozi waliyoyamaliza. Ndivyo walivyofanya babu zao, ndivyo walivyofanya nao. Chungu hukaa motoni maiti akiwa bado ndani. Akishatoka akazikwa na watu wakarudi, chungu hupinduliwa.

Wakamzika Mize kabla jua halijatua. Waliporudi, Bi Pimbi, aliyewafuata msibani, alipewa kata ya mwisho. Akainywa, kwa kuwa alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Akanywa funda moja. Akasita, kata ikiwa bado mdomoni.

"Shoga," akaita.

"Abee," akaitika Bi Digidigi.

"Hebu onja hiki."

"Nimefiwa, shoga. Sina ulimi."

"Onja. Nakuomba."

Bi Digidigi akaonja. Maji. Chumvi. Asali. Akaonja tena, polepole, kama anayesoma barua aliyoandikiwa mtu mwingine. Akaitazama kata. Akawatazama wale wa sare.

"Mwanangu amekufa mchana," akasema mwisho. "Hii imekuja jioni."

Bi Pimbi akakimbilia mafigani kukomba kilichobaki. Akachelewa. Bi Kanga alikwisha kipindua chungu kwa mguu wake. Pwaa. Ardhi ikanywa. "Maiti ametoka," akasema Bi Kanga. "Desturi ni desturi."

Bi Digidigi akamshika Bi Pimbi mkono, akamvuta kando.

"Machano anapumua?"

"Nilimwacha anapumua."

"Basi panda ukamlilie. Lia kwa nguvu. Habari nitaipeleka mimi."

"Habari gani?"

"Kwamba amekufa."

Bi Pimbi akarudi nyuma. "Usimwombee mwanangu mabaya, Mama Mize."

"Nimwombee mabaya nipate faida gani leo? Sikiliza, Mama Machano. Hawa hawaji kwa mgonjwa. Wanakuja kwa maiti. Basi tuwape maiti. Nami nikisema, nani atasema nafanya mzaha? Udongo wa kaburi ungali kwenye kwato zangu."

Bi Pimbi akapanda. Machano alikuwa amelala, macho nusu, ulimi mkavu. Akamlaza ndani, kwenye ufa mpana, akamfunika majani. Itikieni:

*Usilale mwana wangu, macho yako nayataka;*
*Jabali hili la kwangu, hakuna wa kulifika.*

Kisha akatoka nje, akalia. Hakuhitaji kujifunza kulia. Alikuwa nacho kilio cha siku mbili.

Asubuhi na mapema Bi Digidigi akapita bondeni. Akasema kwa Bi Kanga. Akasema kwa Bwana Nungunungu. Akasema kwa Mzee Nyegere. Neno lilelile, mara tatu: "Machano wa Bi Pimbi hayupo tena."

Jabali ambalo jana halikuwa na njia, leo lilikuwa na njia tatu. Maji wakapanda kwa mashariki. Chumvi wakapanda kwa magharibi. Asali wakapanda katikati, Mzee Nyegere akiwa mbele, anahema, mzinga begani. Chungu kilikuwa tayari juu ya mafiga. Chubwi, maji. Pya, asali. Tifu, chumvi. Hakuna aliyeuliza.

Bi Digidigi akasimama mlangoni mwa ufa.

"Mfiwa atanywea ndani," akasema. "Na maiti hatazamwi mpaka kaburi liwe tayari."

"Ni haki yake," wakasema wote, kwa sauti ya msibani.

Bi Pimbi akachota kata, akaingia. Akamwinua mtoto kichwa. Funda moja. Likatoka. Akangoja. Funda jingine. Likakaa. Akangoja tena. Jingine. Akatoka na kata tupu, akachota nyingine.

"Mfiwa ana kiu," akanong'ona Bwana Nungunungu.

"Huzuni hukausha," akasema Mzee Nyegere, akaongeza asali.

Sasa kaburi. Jabali ni jabali, watoto. Halichimbiki kama shamba. Bwana Nungunungu na kikundi chake wakaanza kuchimba. Ko, ko, ko. Kufika adhuhuri walikuwa wamechimba shimo la kuzikia panzi. Chama cha Maji kikasema wenzao hawajui kuchimba, kikachimba upande wake. Umoja wa Asali ukasema haiwezekani kaburi lichimbwe na wengine wao wakitazama, ukachimba. Ko, ko, ko. Siku ikaisha. Nao wakaapa kwamba maadamu maiti yuko ndani, chungu hakitakauka. Kilipopungua, walishindana kukijaza.

Siku ya pili, wakichimba, ikasikika sauti ndogo kutoka ndani ya ufa:

"Mama, mkojo."

Mtoto aliyekauka hana mkojo. Akiutaja, maji yamemrudia mwilini. Bi Pimbi huko ndani akajifunika uso kwa furaha. Lakini huku nje kazi ikasimama. Bi Kanga akanyosha shingo.

"Kuna aliyesema kitu?"

Bi Digidigi akatupa kichwa nyuma, akapiga ukelele uliopita mtoni na kurudi. "Mwanangu, mwanangu, umeniacha na nani." Wala hakuwa anaigiza. Alimlilia wake mwenyewe, aliyezikwa haraka na kwa mpangilio mzuri. Wote wakalia naye. Kazi ikaendelea. Ko, ko, ko.

Siku ya tatu jioni kaburi likakamilika. Refu, pana, pembe zake sawasawa, kazi ya vikundi vitatu. Ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza ya pamoja, na walisimama ukingoni wakiitazama kwa fahari.

Bwana Nungunungu akajipangusa. "Marehemu atolewe."

Marehemu akatoka. Alitoka kwa miguu yake minne, akiwa na jani mdomoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Shikamooni," akasema Machano. Alikuwa mtoto aliyefunzwa.

Hapo pakawa patashika. Kanga wakaruka, prrr, madoadoa juu ya madoadoa. Nungunungu akasimamisha miiba yote, hata ule wa kuandikia. Mzee Nyegere akaketi chini, pu, kama gunia. Walipotulia, Bi Kanga ndiye aliyepata sauti.

"Marehemu arudi ndani kwanza, mpaka tuelewane."

"Harudi," akasema Bi Pimbi.

"Mmetuchezea. Vikundi vitatu, siku tatu. Maji yetu—"

"Chumvi yetu," akasema Bwana Nungunungu. "Bi Pimbi, umetangaza kifo cha uongo. Jambo hili halijapata kutokea. Sijui hata niliandike wapi."

"Liandike katika mengineyo," akasema Bi Pimbi. "Bwana Katibu, nilikuja kwenu na mtoto mgonjwa. Mlikuwepo. Nikakaa kutwa. Ningekuja tena kesho yake kusema anazidi, mngepanda?"

Bwana Nungunungu akaurudisha mwiba sikioni bila kuandika.

"Na hilo kaburi?" akauliza Bi Kanga. "Siku tatu za kazi ya watu. Halifai kupotea bure."

"Bi Mwenyekiti akilipenda, akalale," akasema Bi Pimbi.

Baadhi wakacheka, wakajizuia. Bi Kanga akavuta pumzi ili ajibu. Lakini Bi Digidigi alikuwa amekwisha kuja mbele. Hakupaza sauti. Ilibidi wote wanyamaze ili wamsikie.

"Mimi nina swali dogo," akasema. "Maji haya, chumvi hii, asali hii. Siku ile Mize alipokuwa anahara, vilikuwa wapi?"

Bi Kanga akasema, "Mama Mize, pole—"

"Sijauliza pole. Nimeuliza vilikuwa wapi."

Akamgeukia Bwana Nungunungu. Bwana Nungunungu akaushika mwiba wake, akauachia. Akamgeukia Mzee Nyegere. Na Mzee Nyegere, ambaye hakuwahi kuogopa aibu, siku hiyo ikamfika.

"Vilikuwa nyumbani," akasema. "Asali ilikuwa mzingani, mwanangu. Ulikaa karibu nayo ulipokuja. Niliifunika kwa mkeka."

Upepo ukapita. Machano akamaliza jani lake, akachuma jingine.

Wakiwa wamesimama vile, ikasikika sauti kutoka chini, kwenye mashimo ya mtoni. Alikuwa Ngiri, anaita huku akihema. Mkewe ameanza kuhara tangu alfajiri. Watoto wake wawili pia. Anaomba msaada wa yeyote.

Bi Kanga akajikung'uta. Mazoea ni kitu kizito. "Baraza likae," akasema. "Jambo la kwanza, wagonjwa hao watafungwa ukambaa wa—"

Bi Digidigi hakungoja rangi. Akakinyanyua chungu na masizi yake, akajitwika. Akaanza kuteremka jabali. Hakuita mtu. Hakugeuka.

Mzee Nyegere akanyanyuka, akachukua mzinga, akamfuata. Bwana Nungunungu akamtazama Bi Kanga, akakitazama chungu kinavyokwenda, akabeba mfuko wa chumvi, akafuata. Wanachama wa safu tatu wakafuata, mmoja nyuma ya mwingine. Hata kanga, wale wenye vibuyu vya maji, wakateremka mstari mmoja, bila ruhusa. Juu ya jabali akabaki Bi Kanga, na kaburi zuri.

Alikaa hapo kitambo akisubiri waombe radhi. Hawakuomba. Basi akateremka naye, anakimbia, shingo mbele, akitafuta kichwa cha msafara ili auongoze. Mpaka leo ukiwaona kanga porini utawaona wanakwenda mstari mmoja, na mmoja nyuma kabisa anakimbia na kupiga kelele. Huyo ndiye mwenyekiti.

Mke wa Ngiri alipona, na watoto wake. Vikundi vya Nyasi Ndefu havikufa. Bado ni vitatu, bado vina sare, bado vinaimba, na mikutano yao bado ni mirefu. Kinachotangulia kufika kwa mgonjwa ni chungu, na anayekibeba hana cheo. Mize hakurudi. Bi Digidigi humnywesha mtoto wa mwenzake dawa, kisha huenda kukaa peke yake kidogo, kisha hurudi.

Watoto, haya ndiyo mafunzo, nami nayasema wazi ili watu wazima wasijifanye hawakuelewa. Msaada unaogawanywa vipande ili kila mtu apate sifa yake haumponyi mtu. Mgonjwa si wa kikundi, kikundi ndicho cha mgonjwa. Na mnavyomchangia jirani akishakufa, mchangieni hivyo hivyo angali anapumua.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami ninaitua hapa. Mwenye mgonjwa jirani na aondoke kwanza. Mkeka nitaukunja mwenyewe.